Tetemeko la Lisbon la Mwaka 1755, na Santuri Iliyolikumbuka

Somo la Historia kwa Madarasa ya Watu Wazima

Fungueni madaftari yenu, lakini msiandike bado. Kwanza sikilizeni.

Somo letu la leo ni habari za mji mmoja wa Ulaya, mji wa Lisbon, ambao ndio mji mkuu wa nchi ya Ureno. Mji huo ulianguka katika asubuhi moja, mwaka 1755. Tena tutaeleza habari za santuri moja, au kama vijana wasemavyo, albamu, ambayo jina lake ni tarakimu nne tu: 1755. Albamu hiyo ilitolewa mwezi wa Novemba 2017. Basi, tangu msiba hata albamu ni miaka 262. Swali letu la leo ni hili: kwa nini watu wa leo waimbe msiba wa zamani namna hiyo? Tulishike swali hilo mpaka mwisho wa somo.

Wareno si wageni katika historia ya pwani yetu. Walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, na Waarabu wa Oman wakaiteka mwaka 1698. Wareno walirudi kwa muda mfupi, kisha mwaka 1729 wakafukuzwa tena. Wao walikwenda zao, lakini baadhi ya maneno yao yalibaki vinywani mwetu. Tunapoweka chakula juu ya meza, tunapopandisha bendera, tunapofunga leso, tunatumia maneno yaliyotoka kwa Wareno. Hata neno gereza, wenye elimu ya lugha husema limetokana na neno la Kireno la kanisa. Kwa hiyo tunapozungumza habari za Lisbon, tunazungumza habari za watu ambao babu zetu waliwajua, kwa mema na kwa mabaya.

Sasa tuutazame mji wa Lisbon ulivyokuwa. Mji huo umejengwa juu ya vilima, kando ya mto mkubwa uitwao Tejo, karibu na mahali ambapo mto huo unaingia katika bahari ya Atlantiki. Mwaka 1755 ulikuwa na watu yapata 200,000, nao ulikuwa mmojawapo wa miji mikubwa na yenye mali nyingi katika Ulaya. Mali hiyo ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilikuwa dhahabu ya Brazil, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Ureno. Na dhahabu hiyo ilichimbwa na watumwa, wengi wao wakiwa Waafrika waliovushwa bahari kwa nguvu. Tusilisahau jambo hilo tunapousifu uzuri wa majumba yake.

Na majumba yalikuwapo. Kando ya mto lilisimama jumba la mfalme, na ndani yake maktaba yenye vitabu yapata 70,000. Karibu yake palikuwa na jumba kubwa la michezo ya kuimba, lililofunguliwa mwaka ule ule wa 1755. Makanisa yalikuwa mengi, na nyumba za watawa vilevile. Mitaa ilikuwa myembamba yenye kupindapinda, na nyumba zimebanana.

Siku ya msiba ilikuwa Jumamosi, tarehe 1 Novemba. Kwa Wakristo Wakatoliki siku hiyo ni Sikukuu ya Watakatifu Wote. Watu walikuwa wamejaa makanisani, na mishumaa imewashwa kila mahali. Yapata saa 3:40 asubuhi ardhi ikaanza kutetemeka. Ilitetemeka, ikatulia kidogo, kisha ikatetemeka kwa nguvu zaidi. Kwa jumla ilichukua dakika kadhaa. Dakika moja si kitu ukiwa unanywa chai. Lakini mtu aliye chini ya paa la mawe linalopasuka, dakika moja kwake ni maisha mazima. Makanisa yaliwaangukia watu waliokuwa wakisali. Nyumba zikaanguka juu ya njia, na vumbi likafunika jua.

Waliookoka walikimbilia mahali pa wazi. Wengi walikwenda ukingoni mwa mto, kwa kuwa huko hapakuwa na kuta za kuwaangukia. Wakaona ajabu: maji yalirudi nyuma, na chini ya maji kukaonekana. Kisha bahari ikaja. Yapata dakika arobaini baada ya tetemeko, mawimbi makubwa yalipanda mtoni yakafagia ukingo pamoja na watu waliotafuta salama pale.

Msiba wa tatu ulikuwa moto. Mishumaa ya sikukuu na moto wa majikoni ulishika mbao za nyumba zilizoanguka. Upepo ukaupeleka huku na huku. Mji uliwaka kwa siku tano au zaidi. Hospitali kubwa ya mfalme iliungua, na wagonjwa wengi walikufa humo. Maktaba ya mfalme iliteketea pamoja na vitabu vyake. Lile jumba la kuimbia, lililokuwa halijatimiza hata mwaka mmoja, likabaki kuta tupu.

Ni watu wangapi walikufa? Wataalamu hawapatani. Wengi husema kati ya 30,000 na 40,000 katika Lisbon peke yake, na wengine husema walikuwa pungufu ya hapo. Tetemeko lenyewe halikuishia Ureno. Miji ya Hispania iliumia, na huko Morocco, katika bara letu la Afrika, watu wengi walikufa pia. Mawimbi yalivuka Atlantiki yakafika hata visiwa vya Karibi.

Leo wataalamu wanajua sababu. Gamba la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa sana. Bamba lililobeba Afrika na bamba lililobeba Ulaya husukumana polepole mno, mwaka hata mwaka, kina cha chini. Nguvu hujikusanya kama upinde unaovutwa. Siku mwamba unaposhindwa kustahimili, hukatika na kuruka. Tetemeko la 1755 lilianzia chini ya bahari, kusini-magharibi ya Ureno. Wataalamu hukadiria kwamba kipimo chake kilikaribia 8.5 au kilizidi. Chini ya bahari iliposukumwa, maji yote yaliyo juu yake yakasukumwa pia, na hayo ndiyo yaliyokuja kuwa mawimbi.

Lakini watu wa mwaka 1755 hawakujua habari za mabamba. Basi kila mtu alitafuta maelezo. Hapa ndipo pana kiini cha somo letu.

Wako waliosema: hii ni adhabu ya Mungu kwa dhambi za mji. Wengine wakauliza: kama ni adhabu, mbona imekuja siku ya ibada, saa ya sala? Mbona makanisa yaliangukia watu waliokuwa wakiomba? Mbona watoto wachanga walikufa? Swali hilo liliitikisa Ulaya nzima. Voltaire, mwandishi mkubwa wa Ufaransa, alitunga shairi juu ya msiba huo, na mwaka 1759 akautaja tena katika kitabu chake kiitwacho Candide. Aliwapinga wale waliosema kwamba kila jambo duniani limepangwa vizuri kuliko linavyoweza kuwa. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Königsberg, aliandika makala tatu mwaka 1756 kutafuta sababu za tetemeko ndani ya ardhi yenyewe. Maelezo yake hayakuwa sahihi, lakini njia yake ilikuwa ya kutafuta kwa akili.

Na huko Lisbon, nani aliongoza? Mfalme José wa Kwanza na jamaa zake waliokoka, kwa sababu asubuhi ile walikuwa Belém, nje ya mji. Lakini hofu ilimwingia mfalme. Hakutaka tena kulala chini ya paa la mawe. Akakaa katika mahema, kisha katika jumba la mbao lililojengwa juu ya kilima cha Ajuda, mpaka alipokufa mwaka 1777. Kazi ya kuongoza ilimwangukia waziri wake, Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye baadaye alipewa cheo cha Markizi wa Pombal. Watu humwita Pombal tu, nasi tutamwita hivyo.

Pombal alifanya nini? Kwanza, aliamuru maiti ziondolewe upesi ili maradhi yasizuke. Maiti nyingi zilipakiwa katika matishari, zikapelekwa baharini na kuzamishwa. Jambo hilo lilikuwa zito kwa watu wa dini, na lilifanyika kwa idhini ya Patriaki, mkuu wa Kanisa wa Lisbon. Pili, aliamuru vyakula viletwe, na wauzaji wasipandishe bei. Tatu, alisimamisha miti ya kunyongea mahali pa wazi ili kuwatisha wezi walioiba katika magofu. Nne, askari waliwekwa njiani kuwazuia watu wenye nguvu wasikimbie mji, kwa kuwa walihitajiwa kuondoa vifusi.

Kisha alifanya jambo ambalo wataalamu wa matetemeko hulikumbuka mpaka leo. Mwaka 1756 zilipelekwa karatasi za maswali kwa mapadre wa parokia katika nchi nzima. Tetemeko lilianza saa ngapi? Lilichukua muda gani? Watu wangapi walikufa? Bahari ilipanda kwanza au ilishuka kwanza? Moto ulizuka? Mapadre wakaandika majibu, na majibu mengi yamehifadhiwa mpaka leo. Wanafunzi wangu, hebu litazameni jambo hilo. Aliyeandika katika kijiji cha mbali maneno machache tu, kwamba bahari ilirudi nyuma, hakujua kwamba angewafundisha wataalamu wa miaka mia mbili baadaye. Hiyo ndiyo nguvu ya kujua kuandika. Linalosemwa tu hupeperuka, na lililoandikwa hungoja msomaji wake.

Kazi ya kuujenga mji walipewa mainjinia. Mkubwa wao alikuwa Manuel da Maia, mzee wa miaka karibu 80, na pamoja naye walikuwa Eugénio dos Santos na Carlos Mardel. Sehemu ya bondeni, iitwayo Baixa, waliipanga upya kabisa. Mitaa ilinyooshwa na kupanuliwa, na mingine ikapewa majina ya mafundi: mtaa wa dhahabu, mtaa wa fedha, mtaa wa washona viatu. Ndani ya kuta za nyumba mpya waliweka kiunzi cha mbao, kilichounganishwa kama kizimba. Mbao hupinda kidogo na kurudi, na mawe hayawezi. Kwa hiyo, ardhi ikitikisika, kizimba hukamata nyumba isianguke. Husimuliwa kwamba walikijaribu kiunzi cha namna hiyo kwa kuwaamuru askari wapige hatua kwa kishindo kukizunguka. Nyumba hizo ni miongoni mwa nyumba za kwanza katika Ulaya zilizojengwa kwa mpango wa kushindana na matetemeko, na nyingi zingali zimesimama.

Tusije tukadhani kwamba Pombal alikuwa malaika. Alikuwa mtu mkali, naye hakuvumilia kupingwa. Padre mmoja mzee, Gabriel Malagrida wa Shirika la Wajesuiti, aliandika mwaka 1756 kwamba sababu ya msiba ilikuwa dhambi za watu, tena ni makosa kusema ulitokana na mambo ya asili. Aliwataka watu watubu. Pombal aliona kwamba maneno hayo yatawafanya watu waache kazi ya kujenga. Padre huyo alifukuzwa mjini. Baadaye alitiwa gerezani, akashitakiwa, na mwaka 1761 akanyongwa na mwili wake ukachomwa moto hadharani. Shirika lake lilikuwa limekwisha fukuzwa Ureno mwaka 1759. Kwa hiyo yule aliyetetea akili dhidi ya hofu alitumia hofu kama silaha yake mwenyewe. Historia huwa hivyo mara nyingi. Watu wake hawagawanyiki sawasawa, wema upande huu na wabaya upande ule, na msomaji hana budi kupima.

Sasa tuje kwenye santuri. Kundi lililoipiga huitwa Moonspell. Lilianzishwa mwaka 1992 huko Brandoa, karibu na Lisbon. Mwimbaji wake ni Fernando Ribeiro. Muziki wao huitwa metali ya gothiki. Ni muziki wa magitaa ya umeme yenye sauti nzito, ngoma zinazopigwa kwa nguvu, na kinanda kinacholeta huzuni nyuma yake. Mwimbaji mara huimba kwa sauti ya chini, mara hunguruma. Wazee wengi wakiusikia mara ya kwanza hudhani ni kelele. Lakini kila muziki una kazi yake. Ngoma ya harusi haitafaa matangani.

(Hapa ilipigwa sehemu fupi ya santuri.)

Mmesikia wenyewe. Sasa fikirini: mtu akitaka kuonyesha kwa sauti jinsi mji unavyoanguka, atumie zumari laini? Kishindo hiki kimeupata msiba wake. Ngoma ni ardhi inayotikisika, magitaa ni kuta zinazopasuka, na waimbaji wa kwaya wanaosikika nyuma yake wanatukumbusha watu waliokuwa makanisani.

Albamu hii ina nyimbo kumi. Majina yake peke yake ni kama sura za kitabu. Wimbo wa kwanza maana yake ni Kwa Jina la Hofu. Kisha unakuja wimbo uitwao 1755. Zipo nyimbo ambazo majina yake maana yake ni Msiba, Mtikisiko, Tarehe 1 Novemba, Magofu, na Watakatifu Wote. Katika wimbo mmoja aliitwa Paulo Bragança aimbe pamoja nao. Yeye ni mwimbaji wa fado, yaani nyimbo za huzuni za Lisbon ambazo Wareno huzipenda tangu zamani. Wimbo wa mwisho, ambao maana yake ni Taa ya Waliozama, ulitungwa na kundi la Brazil liitwalo Os Paralamas do Sucesso. Haukutungwa kwa ajili ya tetemeko, lakini ukiwekwa mwisho wa albamu hii, mtu huwakumbuka wale waliochukuliwa na mawimbi.

Tena kuna jambo la lugha. Kwa miaka mingi kundi la Moonspell liliimba zaidi kwa Kiingereza, kwa sababu wasikilizaji wake wametawanyika katika nchi nyingi. Albamu ya 1755 ndiyo ya kwanza waliyoiimba yote kwa Kireno. Bila shaka walijua kwamba wasikilizaji wengi wa nje hawataelewa maneno. Lakini wafu wa Lisbon walilia kwa Kireno, na waliookoka walihesabu jamaa zao kwa Kireno. Kilio hulia kwa lugha ya mama. Sisi wenye tenzi za pwani, zilizohifadhi habari za vita na misiba kwa Kiswahili, tunalielewa jambo hilo bila kufafanuliwa sana.

Turudi kwenye swali letu. Kwa nini waimbe msiba uliotokea miaka 262 kabla ya albamu yao?

Jibu la kwanza ni kwamba msiba huo ulibadilisha nchi. Mitaa wanayotembea leo ilichorwa kwa sababu yake. Katikati ya mji yapo magofu ya kanisa la Carmo, matao yake yakiwa wazi bila paa. Mvua hunyesha ndani. Magofu yale yameachwa vile ili watu waone.

Jibu la pili ni kwamba hesabu ya wafu haiumizi moyo peke yake. Ukisoma kwamba walikufa watu 30,000, utasema pole, utafunua ukurasa. Wimbo hukulazimisha kukaa kidogo mahali pale. Kitabu hukuambia lililotokea, na wimbo hukufanya ulisikie. Yafaa kuwa na vyote viwili, kwa maana wimbo bila kitabu unaweza kupotosha, na kitabu bila wimbo kinaweza kusahauliwa rafuni.

Jibu la tatu ni kubwa zaidi. Kukumbuka huokoa maisha. Mapadre waliandika kwamba bahari ilirudi nyuma kabla ya mawimbi. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la chini ya bahari karibu na Sumatra lilisukuma mawimbi katika Bahari ya Hindi yote. Mawimbi hayo yalifika Somalia, Kenya na Tanzania, na watu walikufa hata huku kwetu. Katika nchi nyingine watu walishuka pwani kutazama ajabu ya maji kurudi nyuma, kama walivyofanya watu wa Lisbon. Basi shikeni jambo hili na mwafundishe watoto wenu: ukiwa pwani ukahisi ardhi ikitetemeka kwa nguvu, au ukaona bahari imerudi nyuma ghafula wala si saa yake ya kupwa, usingoje kutazama. Kimbilia mahali pa juu, wala usirudi mpaka uambiwe, kwa kuwa wimbi la kwanza si lazima liwe kubwa kuliko yote.

Wasikilizaji wetu, watu wa Lisbon walizika, walilisha, waliuliza maswali, waliandika majibu, wakajenga. Wengine walidhulumiana pia, nasi tumelitaja. Waliookoka wote wamekufa zamani. Zimebaki karatasi, mitaa, magofu, na sasa nyimbo kumi. Mwalimu wenu sasa ataendelea na maswali. Kwaherini mpaka somo lijalo.

Maneno ya kujifunza

Kifusi: mawe, udongo na mbao za nyumba iliyoanguka.
Gofu: jengo lililobomoka na kuachwa.
Tishari: chombo kipana cha kubebea mizigo majini.
Kiunzi: mifupa ya nyumba au chombo, iliyotengenezwa kwa mbao au chuma.
Parokia: eneo linaloangaliwa na padre mmoja.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Taja misiba mitatu iliyoupata mji wa Lisbon tarehe 1 Novemba 1755, kwa mfuatano wake.
2. Kwa nini nyumba mpya ziliwekwa kiunzi cha mbao ndani ya kuta?
3. Pombal alifanya mambo gani ya kusifiwa? Na yapi ya kulaumiwa? Toa sababu zako.
4. Je, kuna msiba uliopata kijiji chenu au mji wenu ambao haujaandikwa? Muulize mzee mmoja habari zake, kisha andika sentensi tano: ulitokea lini, wapi, uliwapata nani, watu walifanya nini, na waliookoka walijifunza nini.